Demeter, Mama wa Nafaka Ambaye Hakuulizwa

(Matini ya hotuba iliyotolewa jioni ya maadhimisho ya hekalu letu)

 

Tumeombwa tuseme maneno machache kuhusu chakula na ibada. Kwa desturi tungeanza na Mata Annapurna, na kwake tutafika. Lakini usiku huu tumependa kuwachukua kwanza safari ya mbali kidogo, hadi Ugiriki ya kale, kwa mungu wa kike aliyeitwa Demeter, mama wa ngano na shayiri. Tuna sababu. Mtu akisikia kisa cha nyumba yake mwenyewe hushika kujitetea. Akisikia cha nyumba ya mbali hutega sikio. Tena nyumba hiyo si ya mbali kama inavyodhaniwa. Sehemu ya pili ya jina la Demeter ni neno la Kigiriki lenye maana ya mama, nalo wataalamu wa lugha wanatuambia kuwa ni ndugu wa damu wa neno la Kisanskriti lililotupa sisi Wagujarati neno Mata. Hatusemi kuwa Demeter na Mata zetu ni mmoja. Tunasema tu kwamba watu wawili waliotengana kwa milima na bahari walimwita mama kwa sauti inayofanana, na wote wawili walimkuta mama huyo kwenye nafaka.

Kwanza tuujue ukoo wake. Baba yake alikuwa Kronos, na mama yake Rhea. Kronos alitabiriwa kwamba mtoto wake mwenyewe angemwondoa kwenye kiti, hivyo kila mtoto alipozaliwa alimmeza. Alimmeza Hestia, akammeza Demeter, akafuata Hera, kisha Hades na Poseidon. Wa mwisho, Zeus, aliokolewa na mama yake, aliyemficha Krete na kumpa mumewe jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto mchanga. Zeus alipokua, Kronos alilazimika kuwatapika aliowameza. Kwa hiyo Demeter alilijua giza tangu utotoni, na aliyemtia gizani alikuwa baba yake.

Baada ya Kronos kushindwa, ndugu watatu wa kiume walipiga kura na kuugawana ulimwengu. Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, na Hades nchi ya wafu chini ya ardhi. Dada zao watatu hawakuwamo katika kura hiyo. Hata hivyo tazameni kazi walizokuwa nazo: Hestia alilinda moto wa nyumbani, Hera alisimamia ndoa, na Demeter alihakikisha kwamba mbegu inaota. Wanaume waligawana enzi, lakini moto, nyumba na chakula vilikuwa mikononi mwa wanawake.

Demeter alikuwa na binti mmoja aliyempenda kuliko vyote, Persephone, aliyezaa na Zeus. Kisa cha mama na binti huyu kimehifadhiwa katika utenzi wa kale wenye mistari ipatayo 495, uliopotea kwa karne nyingi hadi nakala moja ya mkono ilipoonekana Moscow mwaka 1777. Leo nakala hiyo inatunzwa Leiden, Uholanzi. Kisa chenyewe ni hiki.

Hades alitaka mke. Akamwendea ndugu yake Zeus, na Zeus akakubali. Binti hakuambiwa; mama hakuambiwa. Siku moja Persephone alikuwa akichuma maua mbugani pamoja na wenzake, akaona ua la ajabu lililooteshwa makusudi ili limvute. Aliponyosha mikono yote miwili kulichuma, ardhi ilipasuka, na Hades akatoka na gari lake la dhahabu akamchukua. Binti alilia akimwita baba yake. Na hapa utenzi ule unasema jambo ambalo sisi tuliokusanyika hekaluni hatuna budi kulisikia vizuri: wakati huo Zeus alikuwa ameketi mbali, ndani ya hekalu, akipokea sadaka nzuri za wanadamu. Kilio cha mtoto na sadaka za waumini vilifika kwa wakati mmoja. Sadaka ndizo zilizopokewa.

Mama aliisikia sauti. Kwa siku tisa alizunguka duniani akiwa na mienge miwili mikononi, hakula wala hakunywa, hakuoga. Siku ya kumi alikutana na Hekate, aliyekuwa amesikia kilio kutoka pangoni mwake, nao wakaenda pamoja kwa Helios, mungu wa jua, ambaye huona kila kitu. Helios alisema kweli: Zeus ndiye aliyemtoa. Kisha akamfariji kwa maneno ambayo akina mama wengi waliomo ukumbini humu huenda wameyasikia kwa lugha nyingine. Alimwambia asilie, kwani mkwe huyu hana kasoro. Ni ndugu wa damu, ana heshima, anamiliki theluthi ya ulimwengu. Kwa maneno ya mitaani kwetu: ukoo mzuri, mali ipo, unataka nini tena? Demeter hakumjibu. Aliondoka miongoni mwa miungu.

Akajigeuza kikongwe, akaenda hadi Eleusis, mji ulio yapata kilomita 20 kutoka Athens, akaketi kando ya kisima chini ya kivuli cha mzeituni. Mabinti wanne wa mtawala wa mji ule, Keleos, walikuja kuteka maji. Hawakumjua. Kwao alikuwa mwanamke mzee, mgeni, asiye na jamaa. Walimwamkia kwa adabu, wakamuuliza habari zake, wakakimbia nyumbani kumwomba mama yao Metaneira ruhusa, wakarudi kumchukua. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ile haikujua ni mgeni gani iliyempokea.

Metaneira alimpa kiti chake mwenyewe chenye kung'aa, mgeni akakikataa. Mtumishi aitwaye Iambe akamletea kigoda cha kawaida akakitandika ngozi ya kondoo, hapo akaketi. Iambe huyo huyo akamtania mpaka akacheka, naye alikuwa hajacheka tangu mwanawe apotee. Walimpa divai akaikataa, akaomba maji yaliyochanganywa na unga wa shayiri na nanaa. Akina mama wanaopika katika jiko letu wataelewa mara moja: mtu mwenye huzuni hapelekewi biryani. Hupewa kitu chepesi, na mtu wa kukaa naye.

Katika nyumba hiyo alipewa kazi ya kumlea mtoto mchanga, Demophon. Kila usiku alimlaza ndani ya moto ili amfanye asife kamwe. Usiku mmoja Metaneira alichungulia, akapiga ukelele. Demeter akakasirika, akamtoa mtoto motoni, akajidhihirisha kwa utukufu wake, akaamuru ajengewe hekalu. Lilipokwisha kujengwa, aliingia akaketi humo peke yake, akimlilia binti yake.

Ndipo alipofanya jambo ambalo Wagiriki hawakulisahau. Alizuia mbegu zisiote. Ng'ombe walikokota majembe mashambani bure. Shayiri nyeupe ilimwagwa ardhini bure. Kwa mwaka mzima njaa ilitanda. Zeus hakutikisika kwa kilio cha binti, lakini alitikisika alipoona kwamba wanadamu wakiisha, hakutakuwa na wa kuleta sadaka. Akamtuma Iris kumbembeleza, Demeter akakataa. Akawatuma miungu wengine mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na zawadi zake, akazikataa zote. Alikuwa na sharti moja tu: amwone mwanawe kwa macho yake.

Ndugu zetu, hatutaki kuipamba hasira hiyo. Njaa ile haikuanza kwa Zeus. Ilianza kwa mkulima na watoto wake, ambao hawakuwa na neno katika mpango ule. Sisi ambao tumeishi kati ya gunia na mizani tunajua kwamba chakula kinapozuiliwa, kwa sababu nzuri au mbaya, wa kwanza kulala njaa ni yule asiye na akiba. Kisa hiki kinatuonya pande zote mbili. Wanaoamua bila kuuliza huwasha moto, na moto huo huanza kuunguza wasiohusika.

Mwishowe Hermes alitumwa kuzimu. Hades alitabasamu akamruhusu Persephone aondoke, lakini kwa siri alimlisha punje ya komamanga. Mama na binti walipokumbatiana, swali la mama lilikuwa: mwanangu, ulikula chochote huko? Binti akasema kweli. Kwa punje hiyo ilibidi kila mwaka akae theluthi moja chini kwa mumewe na theluthi mbili juu pamoja na mama yake. Na nani aliyetumwa kulipeleka shauri hilo kwa Demeter hadi akalikubali? Si mwanamume yeyote. Zeus alimtuma bibi, Rhea, mama wa wote. Bibi alishuka hadi uwanda wa Rarion, uliokuwa mkavu bila jani, akazungumza na binti yake. Demeter akakubali, na uwanda ukajaa masuke.

Huko kwao watu walisimulia kwamba Persephone hupanda juu majira ya maua, na mama yake hufurahi. Wengine, wakiangalia kilimo cha Ugiriki, ambako ngano hupandwa mwanzo wa baridi na kuvunwa kabla ya kiangazi kikali, wamefikiri kuwa Persephone aliye chini ni mbegu iliyohifadhiwa ardhini ikingoja mvua. Vyovyote iwavyo, mkulima yeyote anaelewa: kila mbegu ni binti anayeshushwa gizani, na mama hana hakika kama atarudi.

Demeter alikuwa na mtoto mwingine ambaye sisi wafanyabiashara tunapaswa kumjua. Katika shamba lililolimwa mara tatu huko Krete alizaa na Iasion mwana aliyeitwa Plutos, na maana ya jina hilo ni Mali. Wagiriki walisema kwamba Mali ni mtoto wa Nafaka, na mama yake ni shamba lililolimwa vizuri. Anayejivunia mali na kulidharau shamba amemkana bibi yake.

Walisimulia pia habari za Erysichthon, aliyeingia na mashoka katika msitu mtakatifu wa Demeter akitaka mbao za ukumbi wa karamu zake. Alionywa, hakusikia. Adhabu yake haikuwa radi wala ugonjwa. Alipewa njaa isiyoshiba. Alikula mali yote ya nyumba yake, na wengine husema mwishowe alijitafuna mwenyewe. Njaa ya namna hiyo haikai tumboni. Hukaa katika hesabu za mtu.

Pale Eleusis ibada ya Demeter na binti yake iliendelea kwa karibu miaka 1,000. Kila mwaka, kiasi cha mwezi wa Septemba, maandamano yalitoka Athens kwenda Eleusis kwa miguu. Waliruhusiwa wanaume na wanawake, waungwana na watumwa, mradi mtu aijue lugha ya Kigiriki na mikono yake isiwe na damu ya mauaji. Walichoonyeshwa ndani kilikuwa siri, na kuitoa nje lilikuwa kosa la kifo. Cicero, Mroma aliyeingizwa katika ibada hiyo, aliandika kwamba ilifundisha watu kuishi kwa furaha na kufa kwa matumaini. Mwishoni mwa karne ya 4 mfalme Theodosius alipiga marufuku ibada za kale, na hekalu likabomoka.

Lakini hekalu hilo halikuwa la nyimbo tu. Lilikuwa pia na maghala. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Waathene waliamuru kwamba kila mkulima atoe sehemu 1 kati ya 600 ya shayiri yake na sehemu 1 kati ya 1,200 ya ngano yake kwa miungu wa Eleusis. Tazameni kiwango hicho: ni kidogo kiasi kwamba hakuna awezaye kusema hana, na kwa kuwa kila mtu alitoa, ghala lilijaa. Athens hiyo hiyo iliwawekea wauza nafaka sheria: asiruhusiwe mtu kununua kwa wakati mmoja zaidi ya vikapu 50, ili asifiche akiba na kupandisha bei. Adhabu ilikuwa kifo. Hatuwaombei wenzetu wa sokoni adhabu hiyo! Tunakumbusha tu kwamba nafaka haijawahi kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Na imani ya watu ilidumu kuliko kuta. Mwaka 1801 msafiri Mwingereza, Edward Daniel Clarke, alifika Eleusis akakuta sanamu kubwa ya mwanamke imezikwa hadi shingoni katika samadi. Wanakijiji waliamini kwamba ndiyo inayowapa rutuba mashamba yao, wakaogopa mavuno yatakosekana ikiondolewa. Yeye akapata kibali kwa watawala wa Kituruki, akaichukua. Meli iliyoibeba ilizama karibu na pwani ya Uingereza, lakini sanamu ikaopolewa, na hadi leo iko Cambridge katika makumbusho ya Fitzwilliam. Wataalamu wanasema si Demeter mwenyewe, ni mmoja wa wanawake waliopamba lango la hekalu lake, amebeba chombo kitakatifu kichwani. Hata hapo, aliyetoa kibali hakuwa mwenye shamba.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu walitusimulia kwamba siku moja Bwana Shiva alisema kuwa dunia yote ni kiini macho, na chakula pia ni kiini macho. Mama Parvati alisikia akaondoka, na pamoja naye chakula kikaondoka, njaa ikatanda. Kisha kwa huruma alifungua jiko Kashi, na Shiva mwenyewe akaja na bakuli mkononi kuomba. Huyo ndiye Mata Annapurna. Linganisheni: mama aliyepuuzwa, chakula kilichotoweka, mkubwa wa wakubwa aliyelazimika kurudi nyuma. Kwetu pia wasichana huotesha ngano changa siku za Gauri Vrat, na shayiri huchipua mbele ya Mata siku tisa za Navratri, usiku wa taa na ngoma. Tukizicheza garba tukumbuke kwamba mwanamke mwingine naye alibeba mwanga kwa siku tisa, akimtafuta mwanawe.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa jumuiya hii, na tunayasema hadharani ili yaandikwe katika kitabu hiki cha kumbukumbu.

La kwanza: binti aulizwe. Kanyadaan ni tendo takatifu, lakini huwezi kumtoa kwa baraka mtu ambaye hujamsikiliza. Sheria ya Ndoa ya nchi hii, ya mwaka 1971, inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Isiwe sheria ya serikali imemheshimu binti yetu kuliko sebule yetu. Posa ikija kutoka Leicester au kutoka mtaa wa pili, kabla hatujahesabu maduka ya mchumba, aulizwe binti, kisha aulizwe mama, na wapewe muda wa kujibu hapana. Na akishaolewa mbali, mlango wa kwao ubaki wazi. Persephone alikuwa na nyumba mbili, na dunia ilistawi kwa sababu aliruhusiwa kurudi.

La pili: wanaotulisha waulizwe. Sahani za Annakut zinazopangwa mbele ya Mungu kama mlima hupikwa na akina mama tangu alfajiri. Lakini wanapokaa watu kupanga tarehe, bajeti na idadi ya wageni, akina mama huletewa orodha iliyokwisha kuandikwa. Tunapendekeza kwamba katika mkutano mkuu ujao wa wanachama nafasi za kamati zitengwe kwa wanawake, na sauti yao iwe ya kura, si ya ushauri. Wapo watakaosema mambo yamekwenda vizuri bila hivyo. Zeus pia aliona mambo yanakwenda vizuri, mpaka mbegu zilipokataa kuota.

La tatu: jiko lisifungwe. Wapo wenye hofu ya gharama, na hofu hiyo ni ya haki. Mchele na mafuta vina bei. Jibu tunalipata Eleusis: kidogo, lakini kwa kila mtu. Kila duka na kila nyumba ikitenga kisehemu kidogo kisichomuumiza yeyote, majirani zetu wa dini zote wataendelea kuketi pamoja nasi chini, kwenye mstari mmoja, wakila sahani ile ile. Hatujui kikongwe aketiye kando ya kisima ni nani. Tunachoweza ni kumpelekea kigoda.

Tunawashukuru wazee waliotangulia kuijenga nyumba hii, na majirani ambao kwa miaka yote wameilinda kama yao. Mata Annapurna asiliache ghala la yeyote kati yetu likiwa tupu, na asituache tukiwa na ghala lililojaa huku masikio yetu yamefungwa.

Jai Ambe.